Wimbo wa Freddie na kicheko changu

Safu ya leo ilikuwa iwe ya muziki tu. Niliahidi kwenye kipindi kwamba nitaandika kuhusu bendi ya roki iliyopata bahati isiyoitegemea kwa wimbo wa mapenzi wa gitaa moja, na nitaandika, msiwe na wasiwasi. Lakini nikianza na muziki moja kwa moja nitakuwa nnakimbia kitu. Mliosikiliza kile kipindi tulichorekodi nyumbani kwa baba, Darsait, mnakijua kitu chenyewe.

Kwa wasioijua Darsait: iko baina ya Ruwi na Matrah, majabali ya rangi ya kahawia nyuma, na upande wa pili bahari na Mina al Fahal, kwenye mafuta. Skuli kubwa ya Wahindi iko hapo, hekalu la Krishna liko hapo, Lulu iko hapo. Jioni ukikaa nje na chai yako ya karaki unasikia Kimalayalam, Kiurdu, Kibaluchi, Kiarabu, halafu juu, roshani ya ghorofa ya pili, mwanamke anampigia kelele mwanawe: "We! Hujasikia nnakwita? Njoo ule!" Hicho ndo Kiswahili nilichokulia. Cha roshani.

Basi tulirekodi pale sebuleni, baba katikati, marafiki zake wawili, mie na mwenzangu wa podikasti, na mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 15. Tulikuwa tunazungumzia namna wazee walivofika Maskati miaka ya sabini. Mpwa wangu akaomba maikrofoni mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka kusema babu yake alifika 1974 na akaoa 1982. Akasema: "Babu alikuja 1974, halafu babu alioza."

Sasa mnajua wenyewe. Tulicheka. Baba alicheka kidogo tu, akasema "bado bado, sijaoza". Lakini mie nilicheka mpaka nikatoka machozi, na wakati wa kuhariri nikakikata kile kipande, sekunde 14, nikakitia sauti ya tarumbeta mwisho, nikakitupa kwenye WhatsApp ya ukoo. Jioni ile ile kikarudi kwangu kutoka Dubai. Asubuhi kikaja kutoka London. Siku ya tatu dada yangu akaletewa na mtu wa Unguja asiyemjua, na maandishi chini: "Watoto wa Maskati hawa!"

Tangu siku ile mpwa wangu hakusema neno la Kiswahili. Wiki saba. Babu yake anamwambia "umeshakula?", anajibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, na ndo ilivoniuma. Angekasirika ingekuwa afadhali. Dada yangu hakunigombeza. Alinambia tu, "We mjomba wake." Basi.

Na mie ndo yule yule ninayewaambia kila wiki nyie mnaosikiliza, msione haya, zungumzeni, hata kama kimevunjika. Haya.

Tuje kwenye bendi.

Baba alikuwa na kaseti moja kwenye Cressida yake ambayo haikutoka. Alinunua Ruwi mwanzo wa miaka ya themanini. Ilikuwa Live Killers ya Queen, ile ya jukwaani iliyotoka Juni 1979, iliyorekodiwa kwenye ziara yao ya Ulaya mwanzoni mwa mwaka ule. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunaziba masikio, maana ni kelele tupu: ngoma, magitaa ya umeme, watu wanapiga mayowe. Halafu mara ghafla kelele zinakatika. Linabaki gitaa kavu na sauti ya mtu mmoja. Baba akifika hapo alikuwa anapunguza mwendo. Wallahi, pale daraja la Wadi Kabir magari yanampigia honi, na yeye anakwenda kama yuko harusini.

Wimbo ni Love of My Life. Freddie Mercury aliuandika kwa ajili ya albamu ya A Night at the Opera ya Novemba 1975, ile ile yenye Bohemian Rhapsody. Kwenye albamu si wimbo wa gitaa kavu. Freddie anapiga piano, sauti zake mwenyewe zimepandishwa moja juu ya nyingine, na Brian May anapiga kinubi, ambacho si chombo chake. Ni kazi ya studio, nzuri, lakini imevaa nguo nyingi. Hata hawakuutoa peke yake wakati ule. Bohemian Rhapsody ilishika namba moja Uingereza kwa wiki tisa, nani angeangalia kitu kingine?

Kwenye jukwaa ndo mambo yalipobadilika. Huwezi kuzibeba sauti zote zile. Brian May akaupanga upya kwa gitaa kavu la nyuzi 12, akaushusha sauti, na wawili wale wakawa wanakaa mbele, yeye na Freddie tu, wenzao wamekwenda kunywa maji. Hapo sasa bendi inayojulikana kwa moshi na mataa inakuwa watu wawili barazani. Na watu wakaanza kuimba. Kwenye ile kaseti ya baba unawasikia: Freddie anaanza, halafu anawaachia, na umati unaimba mstari mzima wenyewe.

Walipoitoa hiyo ya jukwaani kama rekodi ya peke yake mwaka 1979, Uingereza kwao ilifika nafasi ya 63. Yaani si kitu. Lakini Argentina na Brazil ikawa mambo makubwa, kwenye nchi ambazo Queen walikuwa hawajatia mguu. Walipokwenda mwaka 1981, Buenos Aires kwenye uwanja wa Vélez Sarsfield, halafu Morumbi kule São Paulo mwezi wa tatu, walikuta umati haujapata kuonekana. Usiku wa kwanza wa Morumbi unahesabiwa watu 131,000. Na walipofika kwenye wimbo ule, watu wanaozungumza Kihispania na Kireno nyumbani, ambao wengi wao ukiwauliza njia kwa Kiingereza wasingekujibu, waliuimba wote kwa Kiingereza. Freddie alikuwa anasimama anawaangalia, mkono juu, anawaongoza kama mwalimu wa madrasa anayesikiliza watoto wamehifadhi.

Mmeona ile filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018? Mna sehemu Freddie anamuonesha Mary umati wa Rio kwenye televisheni. Filamu imechanganya miaka pale, imelitia tamasha la Rio katikati ya miaka ya sabini, wakati Queen walipiga Rio mara ya kwanza Januari 1985, kwenye Rock in Rio. Lakini kwa hili nawasamehe. Aliyecheza Freddie, Rami Malek, wazazi wake wametoka Misri, na alipochukua Oscar alisimama akalisema hilo, kwamba yeye ni mtoto wa wahamiaji. Mwenzetu kwa namna yake.

Na Freddie je, ni mwenzetu? Hapa ndo sebule ya baba inapogawika.

Ukweli ni huu. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Maparsi, baba yake akifanya kazi kwa serikali ya Waingereza. Akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka 8, akarudi 1963. Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na mwaka ule ule familia ikaondoka ikaenda Feltham, karibu na London. Alikuwa na miaka 17. Basi, wakati wote wa utu uzima wake alikuwa mtoto wa Unguja asiyekuwepo Unguja. Hesabu hii niliifanya kwa sababu kila mzee wa Kizanzibari hapa Maskati aliyepita miaka 70 atakwambia alicheza na Freddie mpira Mnazi Mmoja, au alikaa naye dawati moja, au alimpa baskeli yake. Kwa wazee wote hao, huyo mtoto angekuwa halali.

Rafiki yake baba, tunamwita Ami, hataki hata kulisikia jina. Kwake yeye maisha ya Freddie si ya kujifakharisha nayo, na anatukumbusha kwamba mwaka 2006, watu walipotaka kumfanyia sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kule Unguja, ilipingwa ikafutwa. Baba hamjibu. Baba si mtu wa kujibizana. Sasa kule Shangani kuna jumba la makumbusho lake, limefunguliwa 2019, nilikwenda nikapanga foleni na watalii, nikampigia baba picha ya mlango. Akaniuliza tu, "Ule mlango wanaupaka mafuta?" Milango ya Mji Mkongwe isipopakwa mafuta inakufa. Ndo alichotaka kujua.

Baba alikuwa na miaka 11 mwaka 1964. Walipita Dar es Salaam, halafu Dubai, na 1974 wakafika hapa, baada ya Sultan Qaboos kuwaita Waomani walioko nje warudi. Amefanya kazi miaka 29 kwenye mafuta. Kiarabu chake cha mwanzo kilikuwa kinachekesha watu ofisini, hili alinihadithia mara moja tu, na hakunihadithia kama kichekesho. Kuna mtu alikuwa anamuiga kila asubuhi, anarudia salamu yake kwa lafudhi ya "Zanjibari". Baba akawa anafika kazini nusu saa kabla ya wengine ili asimsalimie mtu.

Nusu saa, kila siku, sijui kwa miaka mingapi. Nilikuwa na habari hiyo kichwani siku ile nilipotia tarumbeta kwenye sauti ya mpwa wangu. Nilikuwa nayo. Haikunijia.

Kuna jambo moja la Rio ambalo baba ndiye aliyelinionesha, na mie nnayejidai mtu wa muziki nilikuwa sijaliona. Queen walipangiwa usiku wa tarehe 11 Januari 1985, lakini mambo yakachelewa, na walipopanda jukwaani ilikuwa usiku wa manane umeshapita. Yaani ilikuwa tarehe 12 Januari. Kwa watu wa nyumba yetu tarehe 12 Januari haihitaji maelezo, na kwa wenzetu wengine ni sikukuu, nalijua hilo vilevile, sitaki ugomvi hapa. Miaka 21 kamili, alfajiri kwa alfajiri, na yule mtoto wa Unguja amekaa juu ya jukwaa Brazil, watu wasiohesabika wanamwimbia wimbo wake kwa lugha isiyo yao na, kwa kweli, si yake ya kuzaliwa pia. Kwao kilikuwa Kigujarati. Freddie mwenyewe, niseme, hakuwa na kawaida ya kuzungumzia Unguja mbele ya watu. Aliifunga akaiweka. Baba pia ni hivo hivo. Ndo maana nadhani ile kaseti haikutoka kwenye gari.

Queen si peke yao waliopata hivi, msije mkaniandikia. Extreme, bendi ya Boston, walikuwa watu wa magitaa ya kasi na nywele ndefu, na kilichowafikisha namba moja Marekani Juni 1991 ni More Than Words, watu wawili na gitaa kavu moja. Mpiga gitaa wao, Nuno Bettencourt, amezaliwa visiwa vya Azores vya Ureno akahamishwa Marekani akiwa mdogo. Mtoto wa kisiwa mwengine huyo. Nadhani bendi hizi zinapata bahati hapo kwa sababu moja rahisi: mtu hawezi kupiga ngoma na umeme jikoni kwake, lakini gitaa moja na sauti anaweza. Wimbo unamfaa kuubeba nyumbani. Na Freddie alipofariki, Novemba 1991, wakamfanyia tamasha Wembley tarehe 20 Aprili 1992, Extreme ndo waliopewa kupiga nyimbo nyingi za Queen mfululizo, na mwisho wakaunganisha Love of My Life na ule wao. Tazameni YouTube, pale Wembley watu pia wanaimba wenyewe.

Wimbo wenyewe ukiusikiliza vizuri ni wa mtu aliyeachwa anayeomba arudishiwe. Si wimbo wa furaha. Hili huwa linanishangaza, watu laki na zaidi wanaimba maombi ya mtu mmoja. Lakini ndo taarab pia ilivo, ukumbi mzima unatunza pesa kwa maneno ya mtu anayelia. Sisi tungeshangaa nini?

Sasa Ijumaa iliyopita.

Mpwa wangu ana gitaa kavu, amejifunza mwenyewe kwenye simu, na anapiga vizuri, mashaallah. Baada ya chakula alikaa kwenye kona, mgongo kwetu, anajaribu jaribu. Wazee wanacheza dhumna. Halafu nikasikia ule mwanzo. Ndo ule. Sikumfundisha mie, na sikumwambia naandika safu hii. Ameutoa anakojua yeye.

Baba akaweka dhumna yake chini. Hakugeuka. Akaanza kuimba.

Jamani, baba yangu hajui kuimba. Na Kiingereza chake cha kuimba ni kile cha zamani, kila neno linamalizikia kwa irabu, "r" zinapigwa kama ngoma, mahali anaposahau anatia la-la-la na anaendelea kwa heshima zote. Ami akatoa macho. Mpwa wangu akacheka. Hakujizuia, alicheka kama nilivocheka mie siku ile, gitaa likamponyoka vidole. Na baba hakunyamaza. Aliendelea bila gitaa, mkono juu ya meza, mpaka mstari ukesha. Halafu akanywa chai.

Nilimwona mpwa wangu uso unambadilika. Sitasema alifikiri nini, simjui ndani yake. Nakwambieni tu alichosema. Aligeuza kiti, akasema:

"Babu, umeimba mbovu."

Wiki saba. Na mie, mjomba mtu, mtu wa podikasti, nililisikia lile kosa kabla sijalisikia lile jambo. "Vibaya" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wangu. Nikauma ulimi, kwa meno hasa, mpaka leo unaniuma nikinywa kahawa ya moto.

Baba akamuuliza, "Mbovu vipi?"

"Hapa unaingia mapema. Ngoja mimi nimaliza hii," akamwonesha kwa vidole kwenye nyuzi, "halafu unakuja."

"Haya. Nakuja."

Wakaanza tena. Baba akaingia mapema vilevile.

Sikurekodi. Simu ilikuwa mfukoni na maikrofoni iko kwenye gari, na mwenzangu wa podikasti nilipomhadithia alinitukana, eti ungekuwa mwanzo wa msimu mpya. Labda. Kile kipande cha sekunde 14 nimeshakiondoa kwetu, na kipindi kimepandishwa upya bila hicho. Mpwa wangu nilimwomba radhi Jumamosi, garini, tukiwa kwenye foleni ya kutoka Lulu. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hamna neno. Kwangu mie bado ni Kiingereza. Kwa babu yake ndo amerudi, kwangu bado, na nnajua kwa nini.

Nnawaomba kitu kimoja nyie mlionacho kile kipande kwenye simu zenu. Msimpelekee mtu, na ikiwa mlishampelekea, mwambieni akifute. Wale wa ukoo, nawajua kwa majina. Shangazi wa Al Khuwair, wewe hasa, kwa heshima na adabu zote.

Ijumaa hii wanaendelea na ubeti wa pili. Ami amesema atakuja, lakini kwa dhumna tu.